Nilivyopatana na friji ya gesi kwenye kempa

Kempa yangu, yaani gari la kusafiria na kulala humohumo, niliinunua ikiwa imeshatumika. Aliyeniuzia aliwasha friji mbele yangu, tukainama wote wawili kuuchungulia moto wa bluu kwenye kitundu chake, tukapeana mikono. Safari ya kwanza, asubuhi ya siku ya pili, maziwa yalikuwa yamekatika na siagi inamwagika.

Fundi wa kwanza niliyemwita alishika mabomba ya nyuma, akakuta yana moto, akatoa hukumu palepale: "Gesi ya ubaridi imeisha, inabidi ijazwe." Nilikuwa tayari kulipa. Kilichoniokoa ni kwamba alianza kutafuta kompresa, ile pampu ya friji za kawaida, mahali pa kuunganisha mpira wake, akatafuta, akatafuta, hakuiona. Haikuwepo.

Hapo ndipo nilipoamua kuielewa mwenyewe. Friji hii inayotumia gesi na umeme haina kompresa wala kitu chochote kinachozunguka. Wazo lake ni la Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliolibuni mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi Stockholm. Nyuma yake kuna mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kufungwa kabisa kiwandani, ndani mna amonia, maji na haidrojeni. Chini kabisa pana joto, ama la mwali wa gesi, ama la koili ya umeme. Joto hilo linaitoa amonia kwenye maji. Mvuke unapanda, unapoa na kuwa kimiminiko, unateremkia upande wa friza, unakutana na haidrojeni, unageuka mvuke tena na kulinyonya joto la vyakula. Kisha maji yanaimeza amonia na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo mabomba ya nyuma kuwa ya moto si ugonjwa, ndiyo afya yake. Na mahali pa kujazia hakuna.

Sasa rudi kwenye lile neno "unateremkia". Kimiminiko hakisukumwi na pampu, kinashuka kwa uzito wake kwenye mabomba yenye mwinamo mdogo sana. Mimi usiku ule nilikuwa nimeegesha kwenye mteremko kwa sababu mandhari yalikuwa mazuri! Gari likiinama, kimiminiko kinatuama njiani, mahali pa kuchemshia panabaki pakavu huku moto unaendelea kuwaka. Ukirudia mara nyingi, dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inageuka punje na kuziba bomba, na hapo friji imekwisha. Barabarani hakuna shida hiyo, maana gari linayumba na kimiminiko hakipati nafasi ya kutulia. Ni kwenye maegesho tu. Tangu siku hiyo pima maji ndogo inakaa droo ya kwanza. Nikifika mahali naiweka sakafuni mwa friza, kwa urefu na kwa upana, na kama povu halikai katikati natafuta ubao wa kuweka chini ya tairi kabla hata sijazima injini.

Safari ya pili friji ilipoa vizuri, ila gari ndilo lililogoma kuwaka. Nilikuwa nimeiacha friji kwenye volti 12, yaani umeme wa betri ya gari, usiku kucha, nikidhani naokoa gesi. Koili yake imeandikwa wati 120, yaani ampia 10, na kwenye friji yangu upande huo hauna themostati ya kuizima ikishapoa, inakula mfululizo bila kupumzika. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo nilikuwa na saa tano tu. Volti 12 ni ya kutumia injini ikiwa inanguruma, na hata hapo kazi yake ni kutunza baridi iliyopo, si kuileta. Tena nilipopima nikakuta betri ina 13.8 wakati friji inapokea 11. Waya ulikuwa mrefu na mwembamba mno. Kwa volti 11 koili ya wati 120 inatoa kama 100 tu. Nilivuta waya mnene zaidi, nikaweka fyuzi yake karibu na betri, pamoja na relei inayokata umeme injini ikizimwa. Nikipata umeme wa kuchomeka ukutani ndio ninaoupenda kuliko vyote: kimya, na hauna masizi.

Baada ya mwaka hivi moto ulianza kuwa wa njano na kuzimika ovyo. Usiku mmoja niliuwasha mara sita. Nilifungua kifuniko cha nje, nikamulika kwa tochi: juu ya kichomeo palikuwa na maganda ya kutu yaliyodondoka kutoka kwenye dohani, na pembeni utando wa buibui. Nilifunga mtungi, nikasubiri kila kitu kipoe, nikachomoa kile chuma cha msokoto kinachoning'inia ndani ya dohani, nikapiga brashi kuanzia juu hadi chini, nikasafisha kichomeo. Nozeli, pale gesi inapotokea, ndiyo inayotaka adabu. Tundu lake ni dogo mno, na mkono unakuwasha kupitisha kijiwaya. Usithubutu. Ukilipanua kidogo tu moto utakuwa mkubwa kupita kiasi na masizi hayataisha. Mimi niliiloweka kwenye spiriti, nikaiacha ikauke yenyewe. Wakati wa kurudisha nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo nilichokuwa nimekigusa, nikafungua mtungi, nikaangalia mapovu. Moto ukarudi bluu. Ulipoendelea kuzimika kila nikiachia kitufe, nikagundua ncha ya themokapo, kile kihisi joto kinachoruhusu gesi kupita moto ukiwaka, ilikuwa imesogea pembeni, haiguswi na mwali. Nilirudisha mahali pake kwa vidole viwili, basi.

Asiyejiamini na gesi asiguse, amwite fundi anayezijua friji hizi, si wa friji za nyumbani. Na kengele ya kunusa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, iwepo ndani, hilo sina mjadala nalo. Nikiingia kituo cha mafuta, mwali nimeshauzima.

Lakini kilicholeta mabadiliko makubwa kuliko yote ni hewa. Mchana wa joto friji ilikuwa haishuki chini ya nyuzi 11. Nilipanda ngazi kukagua tundu la juu ukutani, nikakuta mwenye gari wa kwanza amelibandika utepe kwa ndani, nadhani kuzuia vumbi. Joto la nyuma lilikuwa halina pa kutokea. Nilibandua, nikafunga feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ikisukuma hewa kwenda juu. Siku iliyofuata nikasoma nyuzi 5.

Mengine ni mazoea. Naiwasha siku moja kabla ya safari, naweka vitu ambavyo vimeshapoa, sivibananishi, na barafu ya friza ikinenepa naiyeyusha bila kuichokoa kwa kisu. Kuna watu wanaoing'oa friji iliyogoma na kuipindua kichwa chini kwa siku nzima, na wakati mwingine huzinduka. Sijafika huko. Nikisikia harufu ya amonia au nikiona madoa ya njano kwenye mabomba ya nyuma, nitajua hata kupindua hakutasaidia.

Gari likienda mapumziko, mlango wa friji naubana na kijiko ubaki wazi kidogo. Mara moja nilisahau. Nilikuta ukungu mweusi umejaa hadi kwenye mikunjo ya mpira, na pamoja na kusugua kwa magadi na siki, harufu ile ilisafiri nasi safari tatu.