Aling'atwa na Nini?

Binti yangu alipiga simu Jumapili jioni kutoka bwenini. Zahanati ya chuo imempa fomu ndefu ya afya na wanataka kujua amewahi kulazwa lini na lini. "Mama, unakumbuka hata moja?" Nikamtajia zote bila kupumua. Februari 2013, siku sita. Agosti mwaka huohuo, siku tatu. Novemba 2014, siku tisa, ile aliyoongezewa damu. Machi 2015. Akacheka. "Unazikumbukaje zote?"

Nikamwambia mama hasahau. Ni kweli, ila si kweli yote. Zile tarehe nilizikariri kwa ajili ya mahakama.

Niliishi Marekani bila makaratasi. Polisi walinisimamisha kwa ajili ya taa ya gari, na mwaka 2014 ukafuata wito wa mahakama ya uhamiaji. Serikali ya Marekani haikupi wakili katika kesi za uhamiaji, hivyo jamaa wa Columbus, mji wetu jimboni Ohio, walipitisha daftari la mchango, mwenye hamsini akatoa hamsini. Kabla ya hapo mtu mmoja anayejaza makaratasi kwa malipo alitaka kuniandikia ombi la hifadhi, niseme nilikimbia vitisho nyumbani. Nilikataa. Hakuna aliyenitishia kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania. Tena ombi hilo kwa kawaida hupelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini, na mimi niliingia 2003.

Wakili alinipitisha mlango mmoja mmoja. Nimewahi kupigwa au kufanyiwa uhalifu mkubwa, nikawasaidia polisi kumpata aliyenitenda? Kuna visa ya wahanga. Hapana. Mume raia? Baba wa binti yangu naye hakuwa na makaratasi. Ukabaki mlango mmoja: kumwomba jaji afute uondoshwaji. Unatakiwa uwe umeishi nchini miaka 10 mfululizo kabla ya wito, uwe na mwenendo mwema, na uthibitishe kwamba ukiondoshwa, mwenzi wako, mzazi wako au mtoto wako aliye raia au mkazi wa kudumu atapata taabu ya kipekee, isiyo ya kawaida hata kidogo. Mateso yako mwenyewe hayahesabiwi. Machozi ya kila siku ya mtoto aliyeachana na mama yake hayatoshi.

Nilipomwambia kwamba binti yangu, aliyezaliwa hapahapa, ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali ya mifupa, wakili aliweka kalamu chini. "Hapo ndipo tutakaposimama," akasema.

Januari 2016 tuliondoka Columbus saa tisa usiku, theluji inaanguka, kwa sababu kesi yetu ilisikilizwa Cleveland na asiyefika huandikiwa amri ya kuondoshwa akiwa hayupo. Mtoto, miaka minane, alibaki ukumbini na shangazi yake, akichora. Wakili hakutaka asikie.

Wakili wa serikali aliniuliza kwa upole kama si kweli kwamba Dar es Salaam kuna Hospitali ya Muhimbili yenye kliniki ya seli mundu. Nikasema ipo, na madaktari wake wanaijua kazi. Sikuweza kuwasema vibaya watu wa kwetu ili nibaki ugenini. Nikaeleza tu kwamba kwetu ni Masasi, na maumivu yakianza usiku, basi la Dar linaondoka alfajiri.

Kisha wakili wangu akaniomba niuelezee ule usiku wa Novemba. Nilikuwa nimeonywa nisichanganye lugha: nisubiri Kiswahili, nijibu kwa Kiswahili. Nikasema, "Mtoto aliumwa usiku kucha."

Mkalimani alikuwa kaka kutoka Kenya, mtu wa heshima, Kiswahili chake safi. Akamwambia jaji kwa Kiingereza kwamba mtoto aling'atwa usiku kucha. Kwetu mgonjwa anaumwa. Kwake yeye, nadhani, anayeumwa ameumwa na kitu.

Jaji akainua kichwa. "Aling'atwa na nini?"

Nililielewa swali kabla halijatafsiriwa. Mkalimani akanigeukia, naye amekunja uso, akalirudia kwa Kiswahili. Chumba kilikuwa kimya, mashine ya joto peke yake inavuma. Ningeweza kusema, samahani, si kung'atwa, ni ugonjwa. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hivyo. Badala yake nilimwona mwanangu kitandani, magoti yamevutwa kifuani, anauma ncha ya kanga yangu ili asimwamshe baba yake anayeingia kazini saa kumi na moja. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Mifupa yake ndiyo iliyomng'ata, mheshimiwa jaji."

Mkalimani alinyamaza kidogo, halafu akalitafsiri polepole, neno kwa neno. Jaji akaandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Nilijua pale pale kwamba kesi imegeuka. Nikafurahi, na mwanangu yuko nje anachora.

Jaji alisema yuko tayari kukubali, ila uamuzi utasubiri, maana nafasi ni 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima na foleni ni ndefu. Barua ilifika mwaka uliofuata.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Miezi ile kabla ya kesi, dawa mpya ilianza kumkubali. Wiki nane hakulazwa, akanenepa, akaruka kamba uani. Nami nilimtazama dirishani nikimshukuru Mungu huku nikihesabu siku za kesi, nikiogopa kwamba jaji atamwona mzima. Sheria ndiyo iliyoniweka pale dirishani, lakini hofu ile ilikuwa yangu, na mpaka leo sijui niiweke wapi.

Tulimaliza tarehe zote. Nikasikia kalamu yake ikisimama.

"Mama, hapa wanasema, eleza maumivu yako yanavyokuwa. Niandike nini?"

Sentensi niliyonayo naijua kwa moyo.

"Hiyo andika wewe, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nasubiri kwenye simu."