Nalipwa pensheni ya ulemavu, na kazi nafanya

Tangu nikatwe mkono, maneno niliyoambiwa kuliko yote ni haya: "Dada, usionekane unafanya kazi, watakukatia pensheni." Jirani kaniambia, shemeji kaniambia, hata mtu niliyekaa naye foleni moja benki kaniambia. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliojifungia ndani kwa hofu hiyo, ilhali nguvu wanazo na akili wanayo.

Nilikuwa kibarua, baadaye mwajiriwa, katika kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Mkanda wa mashine ulinasa mkono wa shati langu, na kiganja cha kulia hakikuweza kuokolewa. Mwajiri alichelewa kutoa taarifa, ndugu zangu wakamfuata mpaka fomu zikajazwa, na madai yakaenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Mfuko huu ulianza kazi mwaka 2015 na wanaouchangia ni waajiri peke yao. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Kinachowachanganya watu ni kwamba malipo yako ya aina mbili, nao wanayaita yote "hela ya ulemavu". Nilipokuwa bado natibiwa nililipwa ya ulemavu wa muda: sehemu ya mshahara, mwisho wake miezi 24, na ukirudi kazini yanakoma. Hapo ndipo hofu ilipozaliwa, maana kweli wapo waliorudi kazini wakaona malipo yamesimama. Kidonda kilipopona, madaktari walikaa wakapima ulemavu wangu wa kudumu. Ukipimwa ukaonekana una asilimia 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo mmoja basi. Ukivuka 30, unapewa pensheni ya kila mwezi, inayokokotolewa kwa mshahara uliokuwa ukipata na asilimia ya ulemavu wako. Mimi nilivuka.

Pensheni hiyo si mshahara kamili. Inanunua unga, inalipa umeme, lakini ada na kodi ya nyumba havitoshelezeki. Kwa hiyo niliamua kuuliza wenyewe badala ya kuuliza jirani. Nilikwenda ofisini kwao na barua yangu ya malipo, nikauliza waziwazi: nikipata kazi, mtanikatia? Afisa alinielewesha kwamba ninacholipwa ni fidia ya kiungo nilichopoteza na uwezo uliopungua, na mkono wangu hautaota kwa sababu nimeajiriwa. Kinachoweza kupitiwa upya ni hali ya ulemavu wenyewe, ikizidi au ikipungua. Hata hivyo sikutaka kubaki na maneno ya mdomo. Niliandika barua kueleza kwamba natafuta kazi, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ninayo mpaka leo, na nashauri kila mtu afanye hivyo.

Kazi niliipata Kibaigwa, kule kwenye soko la mahindi, barabara kuu ya Morogoro. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anatafuta karani wa mizani ghalani kwake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, lakini ghala lile halifikishi hata nusu ya idadi hiyo. Sikuwa na sheria ya kushika, ila nilichoweza kufanya. Bosi aliangalia mkono wangu, akauliza, "Sasa dada, utaandikaje?" Nikamwomba kalamu na daftari lake, nikaandika kwa mkono wa kushoto jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo, bei. Miezi ile ya kukaa nyumbani nilikuwa nimejifunza kwenye daftari la mwanangu wa darasa la pili, mstari kwa mstari, mpaka herufi zikanyooka.

Tatizo lilikuja kwenye mshahara. Bosi alisema, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa serikali inanilipa, yeye atanipa pungufu kuliko karani aliyeondoka. Hapo nilisimama. Nilimwambia: "Bosi, ile pensheni ni ya mkono niliouacha kiwandani. Wewe unanunua kazi yangu hapa, na mizani haitapima pungufu kwa sababu nina pensheni." Alinyamaza, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake alinipa mshahara uleule wa aliyenitangulia. Naamini kabisa kwamba hapa ndipo wengi wetu tunapoibiwa, na tunakubali kwa sababu tunaona kama tumefanyiwa hisani. Nilimwomba pia aniandikishe NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, na kwa upande wa WCF achangie kama waajiri wote, maana ajali haichagui aliyekwisha kuumia.

Kazi yenyewe tumeipanga. Sinyanyui gunia, vijana wanapandisha, mimi nasoma mizani na kuandika. Kushona mdomo wa gunia ndiko kulikonisumbua, kwa sababu shazia, ile sindano kubwa ya magunia, inataka mkono mmoja ushike na mwingine upitishe uzi. Sasa nabana mdomo wa gunia kwa goti na mkono huu mfupi, napitisha shazia kwa kushoto, uzi naukaza kwa meno. Mwanzoni wakulima walikuwa wakinitazama sana. Siku hizi bibi mmoja wa Kigogo ananisalimia "Mbukwa!" kabla hajashuka kwenye guta, na hataki magunia yake yashonwe na mtu mwingine.

Kuna kijana tuliyefanya naye kazi kiwandani, aliyepoteza vidole viwili. Yeye alilipwa mkupuo, na bado anaogopa kuendesha bodaboda yake mchana, eti wataona. Nimemweleza kwamba hela yake ilishalipwa yote, hakuna cha kila mwezi cha kukatwa. Ameniomba twende naye ofisini akasikie mwenyewe. Nimemwambia Jumatatu, ghala likifungwa mapema, na abebe barua yake.