Kiwanja cha sheli ya zamani: ratiba inaanzia kwenye mvua

Kwa mnaofuatilia: kile kiwanja cha familia Temeke, kilichokuwa sheli, bado hakijapigwa jembe. Kazi ya mwezi huu imekuwa ratiba tu ya kung'oa matangi ya mafuta na kusafisha udongo kabla ya kujenga maduka, nayo iligoma kukaa sawa mpaka nilipoipanga kinyumenyume, kuanzia masika.

Masika ya Dar ni Machi hadi Mei. Shimo la matangi likikutwa wazi na mvua hizo litajaa maji, petroli iliyobaki ardhini itaelea juu, na kwa mchanga huu wa pwani si ajabu ikaishia kwenye visima vya majirani. Ndiyo maana mstari mwekundu nimeuchora mwisho wa Februari: matangi yawe yametoka, udongo umepimwa, shimo limefukiwa. Mengine yote yanarudi nyuma kutoka hapo.

Kijiko chenyewe, ile mashine ya kuchimba, hakili muda. Muda unaliwa na kusubiri maabara na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, kwa hiyo sampuli zinatangulia kila kitu. Tulimtafuta mzee aliyekuwa akijaza mafuta pale zamani, akatuonyesha kwa fimbo mabomba yalikopita kutoka matangini hadi pampuni. Tumeweka alama pale yalipoungana, maana viungo ndivyo hupenda kuvuja. Mtaalamu wa mazingira alizungusha keekee ya mkono, na chini ya mchanga mwekundu ukatoka udongo wa kijivu unaonuka hata ukisimama mbali. Akaushindilia kwenye chupa ya kioo hadi mdomoni, akafunga, akaitia kwenye boksi la barafu. Benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, hupeperuka upesi. Ukibeba udongo kwenye mfuko wa rambo, maabara itapima mchanga mtupu.

Kwenye orodha ya vipimo nimeongeza risasi, ile metali ya sumu (lead). Sheli hii iliuza mafuta tangu enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Kipimo hicho kimoja kinaigawa ratiba mara mbili. Udongo wenye dizeli na petroli pekee unaweza kurundikwa juu ya nailoni, ukageuzwa na kulowanishwa, bakteria wakautafuna kwa miezi. Risasi hailiwi na bakteria wala haipeperuki: udongo wake unasombwa kwenda panaporuhusiwa, na gharama ni nyingine kabisa. Maji ya kisima cha jirani nayo yanapimwa. Kwa benzini, kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita.

Kabla ya kukata matangi kuna mstari mmoja ambao baba mdogo alitaka niufute: kupima mvuke. "Si matupu hayo?" Matupu ndiyo ya kuogopa. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na tangi lenye masalia kidogo linafika hapo bila shida. Mstari umebaki.

Shangazi anauliza kila Ijumaa, "Mwanangu, msingi lini?" Kwenye ratiba, msingi wa fremu za maduka hauna tarehe, umeandikwa "baada ya majibu", na mkandarasi hasaini mpaka hapo. Akisaini mapema, vijana wake watakaa bure huku tukiwalipa.

Kinachofuata: majibu ya maabara, halafu nafasi ya kurundika udongo. Kiwanja ni kidogo. Rundo na msingi havitoshi pamoja, kwa hiyo natafuta eneo la kukodi.