Siku niliyomkabidhi mwanangu luku

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu aliyejua uniti za luku, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, zimebaki ngapi nilikuwa mimi peke yangu. Mita ikianza kulia, watoto waliniita, "Mama, luku inalia!" kisha wakaendelea na televisheni. Kwao jambo lilikuwa limekwisha hapo.

Mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mdogo wake wa kike ana 12. Si kwamba hawakuwa na kazi: vyombo wanaosha, uwanja wanafagia, maji ya bomba yakikatika wanakwenda kuchota. Lakini kila kitu kwa kusukumwa. Nasema mara nne, ya tano nafanya mwenyewe. Jioni moja nikajiuliza, katika kazi zote hizi, ni ipi ambayo uamuzi ni wa mtoto? Sikuipata hata moja. Mimi ndiye niliyepanga, niliyekumbusha, niliyekagua na niliyelipa. Wao walikuwa mikono yangu tu, na mikono haiulizwi chochote.

Basi tarehe 1 Machi nikampa kijana shilingi 30,000 taslimu. Nikamwambia, "Hii ni luku ya mwezi mzima. Haiongezwi. Ikibaki, ni yako. Kila unachonunua andika kwenye daftari. Na mimi sitakukumbusha." Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu kuliko fedha yenyewe.

Siku hiyohiyo alirudi kutoka kwa wakala amenuna. Kanunua ya 10,000 akitegemea uniti 28, akapata 23 na ushei. Alijua ameibiwa. Nikamwambia ausome ujumbe mpaka mwisho, ndipo akaiona kodi ya jengo, shilingi 1,500, ambayo hukatwa unaponunua mara ya kwanza kila mwezi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kila mwezi umekuwa ukilipa hii?" Nikamwambia ndiyo, baba, kila mwezi.

Wiki tatu zilikwenda vizuri. Jumapili moja kama saa mbili na nusu usiku, nyumba nzima ikazima. Kutazama nje, kwa jirani taa zinawaka. Nikamsubiri aseme. Ikajulikana kwamba fedha iliyobaki aliichangia jezi za timu ya mtaani, akiamini ataipata tena kabla luku haijaisha. "Mama, si ununue tu kwa simu, nitakulipa."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ni dakika mbili, zile namba ishirini zinaingia, unazibonyeza, nyumba inawaka. Kwenye friji kulikuwa na perege wa wiki nzima. Sare za shule, za Jumatatu, hazijapigwa pasi. Nilitamani sana kununua, na nakiri nilitoka nje nikasimama barazani ili nisinunue. Niliporudi nikawasha jiko la mkaa, nikakaanga perege wote usiku ule, yeye akinishikia mshumaa. Sikumsema hata neno. Maneno ningekuwa nayo mengi, lakini giza lilikuwa linasema vya kutosha.

Alfajiri nilisikia mlango. Alikwenda kwa mama jirani kuazima pasi ya mkaa. Alipiga sare yake, akapiga na ya mdogo wake bila kuambiwa. Mchana akaenda kwa mjomba wake, akamwomba kazi. Akasomba matofali jioni mbili, akalipwa 5,000. Jumanne usiku taa zikawaka.

Baba yao, ambaye yuko njiani na lori wiki nyingi za mwaka, alinipigia simu akaniuliza kwa nini nawatesa watoto. Nilimweleza, na hakuridhika. Sehemu moja alikuwa na haki: binti yangu alikaa gizani siku mbili kwa kosa ambalo si lake, na alikuwa na kazi ya shule. Hilo nalijutia. Nilipaswa kuwa na taa ya sola ndani kabla ya kuanza jambo hili, na mzazi mwenzangu unayefikiria kufanya hivi, anzia hapo. Kosa la mmoja limfike yeye, lisimwangukie mdogo.

Mwezi wa pili wa mpango huu alibadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Akaanza kusoma mita asubuhi na jioni na kuandika. Akageuza kila chombo kutazama wati zake. Jumapili akaniletea daftari: pasi 1,000, hita ya kuchemshia maji ndooni 1,500, televisheni 60. "Mama, televisheni ikiwaka saa kumi na sita ndiyo pasi ya saa moja. Miaka yote unatugombeza sisi." Na hita, anayeitumia kila alfajiri ni nani? Ni mimi. Nilisoma ile hesabu mara mbili. Nikamwambia, "Una haki, baba." Tangu siku hiyo maji yangu ya kuoga huinjikwa kwenye makaa yanayobaki baada ya kupika chakula cha jioni, nayaweka kwenye chupa kubwa za chai. Nguo zote zinapigwa pasi Jumapili mara moja. Matumizi yakashuka kutoka uniti 80 hadi 61.

Hapo likazuka lingine. Kwa kuwa kilichobaki ni chake, alianza kuwa mlinzi mkali wa swichi. Saa tatu usiku anamzimia mdogo wake taa, kitabu kikiwa mkononi. Binti akaja kwangu analia. Nikaona kosa ni la sharti langu: nilimfundisha kutunza umeme, na nikamlipa kwa kuwabana wenzake. Tukakaa wote watatu mezani tukaandika upya. Mwanga wa kusomea hauguswi na mtu. Kilichobaki wanagawana nusu kwa nusu, na binti ndiye anayesoma mita asubuhi. Kijana alilalamika siku mbili hivi, kisha nikamkuta barazani anamwonyesha dada yake jinsi ya kutoa uniti za jana kwenye za leo.

Sasa ni mwezi wa sita tangu nimkabidhi luku. Luku imelia mara nyingi na mimi sijui iliingizwa lini wala kwa shilingi ngapi, mpaka nifungue daftari. Juzi nilikuwa napepeta mchele, akaja akasimama mlangoni. "Mama, na gesi nani anaisimamia?"

Nikamwambia tutaongea Jumapili, aje na daftari.