Uzoefu wangu: nilivyofanya mpaka watu wa maabara chuoni wakaanza kuripoti ajali

Mimi nasimamia usalama wa kibaolojia chuoni, yaani maabara zote zinazoshika vimelea na damu, wanyama wa utafiti, taka zao, na magonjwa ya kuambukiza yakiingia hosteli nayo yananihusu. Nilipopokea kazi nikakuta daftari la ajali jeupe kabisa, mkuu wa idara mmoja akaniambia kwa kujisifu "unaona, hapa hatuna ajali". Mi nikasema moyoni haiwezekani, watu wanashika sindano kila siku halafu hakuna hata mmoja aliyejichoma??

Nikawa nashinda na mafundi wa maabara na watu wa usafi, hasa hawa wa usafi maana ndio wanaokutana na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa kawaida. Siyo ukaguzi, stori tu. Yakaanza kutoka. Huyu alijichoma akirudishia kifuniko cha sindano, yule chupa ilipasuka ndani ya sentrifuji, ile mashine inayozungusha sampuli kwa kasi, akafungua palepale akafuta akaendelea na kazi. Mbona hamkusema? Kumbe fomu lazima isainiwe na bosi wako na ina sehemu imeandikwa "aliyesababisha", sasa mwanafunzi wa uzamili ambaye prof ndiye ameshikilia tasnifu yake ataandika nini hapo?

Na ukinyamaza muda unakimbia. Aliyejichoma sindano yenye damu ya mtu mwingine, PEP, yaani dawa za kuzuia asiambukizwe HIV, inatakiwa aianze mapema iwezekanavyo, zikipita saa 72 haishauriwi tena, akianza anameza siku 28. Ukisubiri bosi arudi safari ndo basi tena.

Kwa hiyo sahihi ya bosi nikaitoa, "aliyesababisha" nikaifuta, zahanati kwanza fomu baadaye. Namba ya simu ya zamu tukaibandika juu ya kila sinki, maana aliyejichoma anakimbilia hapo kuosha kwa maji na sabuni. Maprof wengine walinijia juu eti naua nidhamu. Nikawakumbusha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, 1978, Janet Parker alikuwa mpiga picha tu wa chuo, chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu ya maabara ya ndui, akaambukizwa akafa, na ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kufa kwa ndui duniani. Anayeumia si lazima awe yule aliyeshika chupa.

Ripoti zikaanza kumiminika, kwenye makaratasi tukaonekana tumeharibikiwa na uongozi ukaniita nijieleze. Lakini ndo zilinifungua macho, maana za kujichoma nyingi zilitoka chumba kimoja ambacho boksi la sindano lilikuwa mlangoni, mbali na meza, mtu anarudishia kifuniko ili atembee nayo salama. Hapo semina ya nini? Tukaweka boksi kila meza, likifika robo tatu linafungwa, na ripoti za chumba kile zikapungua zenyewe.

Ripoti niliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa mama mmoja wa usafi, alisema mifuko ya taka ikitoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, bado inanuka vilevile. Mafundi wakamcheka, tepu iliyobandikwa nje ya mfuko si imebadilika rangi! Ila tepu ya nje inakwambia tu kwamba nje palipata joto. Tukazika kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria sugu sana kwa joto, katikati ya mfuko, tukapika kwa nyuzi 121 kama kawaida, tukaziotesha, zikaota, maana yake hazikufa. Mifuko ilikuwa inashindiliwa na kufungwa kabisa, mvuke utapita wapi? Siku hizi mdomo unaachwa wazi kidogo, mzigo mdogo, muda mrefu zaidi, na spora tunapima mara kwa mara.

Hosteli nako ni yaleyale, mwanafunzi ana homa na macho mekundu anaficha asikose mtihani, na surua inaambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada yake, kwa hiyo vikionekana chumba kizima kimeshavuta hewa hiyo. Tukakubaliana na ofisi ya mitihani kwamba aliyetengwa anapewa mtihani maalumu bila kulipia chochote, na wanafunzi wakaanza kuja wenyewe zahanati. Imebaki idara moja inadai mgonjwa alete barua yake mwenyewe, kwa mkono, sasa mtu aliyetengwa anailetaje? Bado tunavutana nao.