Kabla ya kulipia seli shina za mwanangu niliuliza haya

Mzazi mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo hapa Dar es Salaam hakosi kuletewa habari hii: kuna hospitali India, wanachoma sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, mtoto anainuka. Sisi tuliletewa na wakala kwa WhatsApp, pamoja na video za "kabla" na "baada" na msisitizo kwamba ubongo hausubiri, ndugu wachangishane haraka. Bei ilikuwa makumi ya milioni, nauli na malazi mbali. Hatukwenda. Najivunia uamuzi huo, na bado nina hasira na waliotuambia kwamba mzazi anayeuliza sana hampendi mwanawe.

Nilitaka majibu kwa maandishi. Seli zinatoka wapi? Ngapi kwa kila kilo ya uzito? Zinaingizwa kwa njia gani? Na akiwa huko, mtoto atafanya mazoezi saa ngapi kwa siku?

Swali la kwanza lilifichua mengi. Jaribio ambalo mawakala hupenda kulitaja ni la Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lililochapishwa 2017. Watoto 63 walishiriki, na seli walizopewa zilitoka kwenye damu yao wenyewe ya kitovu iliyogandishwa tangu kuzaliwa. Wangapi kwetu wamehifadhi damu hiyo? Tulichouziwa sisi ni uboho, unaofyonzwa kwenye mfupa wa nyonga mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kisha unadungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Hizo ni seli nyingine kwa njia nyingine. Tena hata huko Duke, kwa jumla waliopewa seli hawakuwapita waliopewa sindano ya kulinganishia isiyo na seli. Walioonyesha nafuu zaidi ni waliopata kuanzia seli milioni 20 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji milioni 240, kwa hiyo ukijibiwa "dozi kamili" ujue hujajibiwa. Uchambuzi uliotoka 2025, uliounganisha majaribio kadhaa ya damu ya kitovu, ulikuta faida ipo lakini ni ndogo: takriban alama 1.4 baada ya mwaka, kwenye kipimo cha mwendo chenye alama 100.

Swali la mazoezi ndilo kiini. Walijibu kwamba mtoto atafanyishwa mazoezi saa kadhaa kila siku. Sasa akirudi ameimarika, ni sindano au ni mazoezi? Isitoshe, watoto hawa wanaendelea kukua. Kwa wastani hufikia 90% ya uwezo wao wa mwendo kabla ya miaka 5, na wale wa daraja la V, yaani la mwisho kati ya matano ya uwezo wa mwendo, walioathirika zaidi, kabla ya miaka 3. Mrekodi mtoto wa miaka miwili leo na baada ya miezi sita, utaona mabadiliko hata kama hakuchomwa chochote.

Ndiyo maana nikaamua kupima mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi. Kila mwezi, mkeka uleule, simu juu ya stuli ileile kwa ubavu, mtoto ameshapata usingizi wa kutosha na kula, dawa ya degedege amekunywa kwa wakati wake. Anakalishwa sakafuni, mikono ya mzazi inaachia, sekunde zinahesabiwa mpaka aegemee au aanguke; mara tatu, unaandika ile ya katikati. Usipime siku ana mafua, misuli hukaza na utapata picha ya uongo. Sekunde ziliongezeka kwa mazoezi ya nyumbani tu, na wakala alipoonyeshwa akanyamaza.

Sehemu ya fedha ambayo ingekwenda India ilikwenda kwenye kiti cha maboksi cha kumkalisha mtoto wima. Maboksi magumu yanabandikwa kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa ukawa mzito, mistari ya boksi ikipishana tabaka kwa tabaka, halafu vipande vya magazeti juu yake. Kikauke kabisa kabla ya rangi, la sivyo kinaoza kwa ndani. Nyonga, magoti na vifundo vikae nyuzi 90. Kina cha kiti: pima kutoka makalio hadi nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili. Kikizidi hapo makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda na uji unampalia. Mkanda upite juu ya mapaja karibu na nyonga, usikae tumboni. Kabari kati ya magoti, meza usawa wa viwiko.

Kuhusu hatari, wakala hatakuambia. Mwaka 2009 madaktari waliripoti kijana wa Israeli, mgonjwa wa maradhi mengine ya ubongo, aliyeota uvimbe uliotokana na seli za vijusi alizochomwa Moscow. Na India yenyewe, mwongozo wa kitaifa wa 2017 hauruhusu seli shina kuuzwa kama tiba ya mtindio wa ubongo. Nje ya magonjwa ya damu na mengine machache, mahali pake ni kwenye majaribio yaliyoidhinishwa, na mshiriki wa jaribio hatozwi.

Fedha iliyobaki ni ya eksirei ya nyonga kila mwaka, kwa kuwa mtoto asiyetembea nyonga yake huchomoka polepole, na ukingoja mpaka alie wakati wa kubadilishwa nepi, mara nyingi dawa inayobaki ni upasuaji.