Siku moja maishani mwangu: natega mbu Ruai

Saa kumi na moja alfajiri niko Ruai, viungani mwa Nairobi. Nikichelewa, sisimizi wanawala mbu wote wavuni. Mtego ni taa ndogo, feni na betri, na kando yake chombo cha barafu kavu inayotoa hewa ya kaboni, ileile anayotoa ng'ombe akipumua. Mbu jike akiifuata, feni inamvuta ndani.

Boma la mwisho, mzee ananisubiri langoni.

"Msichana wangu, unawaita mbu kwa ng'ombe wangu. Ndama amekufa kwa mapele ya ngozi."

"Pole sana, mzee. Mbu hawa walikuwa hapa kabla yangu."

Haniachi. Mbu ni sindano tu, anasema, anatoa hapa anachoma pale. Kwa mapele yuko karibu na ukweli: nzi wanaouma hutoka kwa mgonjwa na virusi mdomoni, wakavipeleka kwa mzima. Lakini mimi natafuta Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu. Virusi vyake huingia tumboni mwa mbu, vikazaliana humo, vikafika kwenye tezi za mate. Siku kadhaa hupita kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Tena kuna mbu wa Aedes ambao mayai yao hukaa miaka katika udongo mkavu, mengine yakiwa na virusi tayari kutoka kwa mama. Mafuriko yakija, yanaanguliwa. Kisha mbu wa aina nyingine, Culex, wanapokea kazi ya kueneza virusi, na kondoo wanaanza kutupa mimba.

"Kama ile ya El Nino?"

Ndiyo, mzee, 1997. Na tena 2006.

Kufikia hapo jua limewaka na Barabara ya Kangundo imefungana kabisa. Nakaa na kisanduku mapajani nikihesabu barafu iliyobaki, maana mbu wakipata joto virusi huharibika na usiku mzima wa kutega umepotea.

Maabara, mchana, kisha sijui saa ngapi. Chini ya hadubini, juu ya sahani baridi: Aedes mkia umechongoka, Culex butu. Kila kundi mbu wasiozidi 25, aina moja, boma moja, lebo. Shingo inauma, macho yanawasha, na siharakishi, kwa sababu mbu mmoja akiingia kundi lisilo lake jibu zima linapotoka. Waliojaa damu nawatenga. Damu hiyo itaonyesha kama walimnywa ng'ombe, mbuzi au mtu. Jibu hilo nitampelekea mzee mwenyewe.